Nyumba Tisa na Jamvi la Zimwi

Paukwa!

*Pakawa!*

Nina mzigo kichwani.

*Utue tuufungue!*

Ndani mna jambo la kutisha.

*Hatutoki hapa!*

Mnasema hivyo sasa. Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna polepole nisije nikadhani ni yeye anakuja.

Hapo kale, mwaka ambao mtama uliungua shambani kabla haujachanua, kaya tisa zilifunga virago zikahama. Zikatembea siku ya kwanza. Zikatembea siku ya pili. Siku ya tatu zikafika ukingoni mwa bonde, zikakuta nyumba tisa. Nyumba nzuri za udongo na makuti, milango yake mbao ngumu, viwanja vimefagiliwa mpaka vinang'aa. Lakini mfagiaji hayupo. Hakuna kuku, hakuna moshi, hakuna hata mbwa wa kubweka.

Nawauliza ninyi. Ukikuta uwanja umefagiliwa na mfagiaji humwoni, utaingia? Usijibu haraka. Una mtoto mgongoni, miguu imechanika, tumbo limegusana na uti wa mgongo. Utaingia. Na wao wakaingia.

Jua lilipofika utosini, akaja mwenye nyumba.

Alikuwa zimwi. Msitafute pembe wala mkia, hakuwa navyo. Alivaa kanzu safi na sauti yake ilikuwa laini. Ila mikono yake ilifika magotini. Tena hakuwa na kivuli, ndiyo maana alipenda kuja saa ile ya jua la utosi, maana saa hiyo vivuli vya watu wote vimejificha chini ya nyayo na hakuna wa kumtambua.

Hakusema nao pamoja. Aliingia nyumba moja, akatoka, akaingia ya pili, akatoka, akaingia ya tatu, mpaka zikaisha tisa. Na kila nyumba aliinama akasema maneno yaleyale. "Kaa. Nyumba ni yangu. Kodi yake ni jamvi moja kila mwezi ukiandama, jamvi la kunitosha nikilala. Wenzako wote wamekubali. Na nikuase jambo: habari za kodi hazisemwi kwa jirani. Jirani akijua umekwama, atakucheka."

Jamvi moja tu! Watu wakaona ni nafuu. Bondeni miyaa, majani ya kusukia, ilijaa tele, na wanawake wa kaya zile walizaliwa na ukili mkononi, ule utepe wa kusukwa unaoungwa ukawa jamvi. Wanaume wakavuka mto kwenda kufungua mashamba, wakajenga vibanda huko, hawarudi mpaka mavuno. Wanawake wakabaki kusuka.

Katika nyumba ya tano alikaa Mize. Mume wake alifia njiani, siku ya pili ya safari, wakamzika chini ya mawe. Alibaki na binti yake mmoja, Siwema, mtoto wa miaka saba aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Mize alimpenda mtoto yule, hata mtoto akikohoa kidogo usiku, mama huamka.

Miezi ya kwanza Mize alilipa vizuri. Asubuhi anasuka ukili, jioni anasuka ukili, mwezi ukikaribia anaunga kili zake kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea majamvi, na jamvi linakuwa tayari. Zimwi anakuja jua likiwa utosini, kila mtu yuko ndani mwake, analitandika uwanjani, analala chali, anafumba macho. Kisha anaondoka nalo bila hata kushukuru.

Akawa Mize anapita nje anaona mambo. Jirani wa nyumba ya pili ametundika pazia la mkeka mlangoni, limetiwa rangi nyekundu na nyeusi. Baada ya siku chache, jirani wa saba naye ana pazia. Mara wa tatu, mara wa nane. Mize akasema moyoni: wenzangu mambo yamewanyookea, mpaka wanapamba milango, mimi hata muda wa kujikuna sina. Akawaonea wivu, masikini. Mtu hujidhani yeye ndiye peke yake aliyebanwa.

Basi Mize akashikwa na mdudu wa kidole, ule uvimbe wa usaha unaouma mpaka kwapani. Kidole gumba cha kulia kikavimba kikawa kama ndizi mshale. Na kusuka ukili bila kidole gumba ni sawa na kutafuna bila meno. Alisuka kwa kulia machozi. Jamvi likawa tayari siku ileile mwezi ulipoandama.

Zimwi akaja na jua la utosi. Akatandika, akalala, akafumba macho. Visigino vyake vikatoka nje ya jamvi, shibiri nzima.

Akasema, "Limepungua. Nashika mlango."

Akaung'oa mlango kwa mkono mmoja, akauweka begani, akaenda zake.

Hebu fikirini nyumba isiyo na mlango. Usiku upepo unaingia bila hodi. Mchana kila apitaye anaona sufuria yako ina nini. Mize hakuogopa fisi kama alivyoogopa macho ya majirani. Akachukua mkeka wake wa kulalia, akautia rangi, akautundika mlangoni. Alipotoka nje jirani wa nyumba ya sita, Mboza, alikuwa anapita. Mboza akalitazama lile pazia, akalisifu, akasema limependeza sana. Mize akashukuru. Wote wawili wakacheka kidogo, kila mmoja akaenda zake.

Mwezi wa pili kidole kilizidi. Jamvi likatoka bovu, lina mashimo. Zimwi akaja, akalala, akafumba macho. Visigino nje.

Akasema, "Limepungua. Nashika mafiga."

Akaingia jikoni, akabeba mawe yote matatu yakiwa bado ya moto, akayatia kwenye mfuko wa kanzu. Mize akawa anapikia kwenye shimo alilochimba sakafuni, moshi ukimwingia machoni. Siwema akauliza mbona wanapika chini kama watu wa safarini. Mama yake akamwambia anyamaze ale.

Mwezi wa tatu hakukuwa na jamvi kabisa. Kulikuwa na ukili wa pima mbili tu, na siku zilikuwa zimebaki kumi. Lakini zimwi hakungoja zile siku ziishe. Alikuja mapema, akasimama uwanjani, akamtazama Siwema aliyekuwa anacheza na vifuu. Akamtazama kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, kwa upole, kama mtu anayepima ndoo.

Akasema, "Mwezi ukiandama, jamvi likipungua, nashika mtu."

 Mize akamvuta Siwema, akamkumbatia palepale vumbini.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mize alilijua neno hilo tangu utotoni. Lakini kulijua neno ni kitu kimoja, na kulifuata ni kingine, hasa likikutaka ufunue aibu yako mbele ya mtu aliyelisifu pazia lako jana.

Siku ya kwanza akaenda kwa Mboza ili amwambie. Akafika, akapiga hodi mbele ya pazia, maana Mboza naye alikuwa ametundika lake. Mboza akatoka nje haraka, akasimama palepale, akauliza kuna habari gani. Mize akafungua kinywa. Akaomba chumvi. Akapewa, akarudi.

Siku ya pili akaenda tena. Njia nzima anajifunza maneno: Mboza ndugu yangu, nimekwama. Mboza ndugu yangu, nimekwama. Akafika, Mboza akatoka nje. Mize akafungua kinywa. Akaomba ungo. Akapewa, akarudi na ungo asiokuwa na cha kupepeta.

Siku ya tatu akaenda tena. Mboza akatoka nje. Mize akafungua kinywa, akaomba moto.

Hapo ndipo kazi ilipo. Watu wale walikuwa na mila yao. Moto haunyimwi. Tena moto hautolewi nje na mwenyewe, kwa kuwa akiutoa yeye, baraka ya nyumba inaufuata moto nje. Anayeomba ndiye anayeingia, anafika jikoni, anachukua kaa la moto kwa mkono wake. Mize alikuwa ameisahau mila ile kwa hofu. Mboza hakuisahau. Alisimama mbele ya pazia lake, ameziba njia. Kisha akainua pazia kwa kidole kimoja, akatazama pembeni.

Mize akaingia. Nyuma ya pazia hapakuwa na mlango. Jikoni hapakuwa na mafiga. Makaa machache yalikuwa yanawaka ndani ya gae la mtungi. Na pembeni, juu ya gunia, mtoto mchanga wa Mboza amelala, amefungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye nguzo.

Wanawake wale wawili wakatazamana.

"Mimi sikuja kuomba moto," Mize akasema.

"Najua. Na mimi wiki iliyopita nilipokuja kwako kuazima kisu, sikutaka kisu."

Wakakaa sakafuni wakalia, wakiziba vinywa kwa kanga majirani wasisikie. Hata hapo, wasikilizaji wangu, waliwaogopa majirani! Walipomaliza kulia ndipo wakaanza kuhesabiana. Wewe uliambiwa nini? Niliambiwa wenzangu wote wamekubali, na jirani akijua nimekwama atanicheka. Na wewe? Hivyohivyo. Jamvi lako lilipungua kiasi gani? Shibiri. Langu pia shibiri.

Mboza akasema, kama mila inatulazimisha kufungua, basi twende tukaombe moto.

Wakaenda nyumba ya saba, wakaomba moto. Mwenye nyumba akasita, akainua pazia: hakuna mlango. Wakawa watatu. Wakaenda ya nane, wakaomba moto: hakuna mlango, hakuna mafiga. Wakawa wanne. Wakazunguka hivyo, kila nyumba wanaingia wachache wanatoka wengi, mpaka ikabaki nyumba moja, ya kwanza kabisa njiani, ya bibi mmoja mtaratibu aitwaye Bi Mwanatumu. Huyo aliishi na binti yake mkubwa, Saumu, na miezi michache nyuma aliwaambia watu kwamba Saumu ameolewa ng'ambo ya mto. Watu walimpongeza.

Wakaomba moto. Bi Mwanatumu akawatazama wote wanane, akaelewa. Akawafungulia. Hakuna mlango, hakuna mafiga, na kwenye kitanda cha Saumu nguo zimekunjwa vizuri, sanda ya vumbi imezifunika.

"Hakuolewa," Bi Mwanatumu akasema. "Nilisema hivyo ili msinicheke."

 Mize akaipangusa vumbi nguo ya juu, akairudisha ilipokuwa.

Bi Mwanatumu akaendelea. Alisema yeye ni mzee, hana kazi ila kutazama, na zimwi alimtazama kila mwezi alipolala juu ya jamvi. Majamvi hayakuwa mafupi. Anapofumba macho, mwenyewe hujinyoosha. Anajinyoosha kidogo tu, shibiri moja, visigino vitoke. Hata ungemsukia jamvi la kufika mtoni, angejinyoosha.

Mize akauliza, "Atajinyoosha mpaka wapi?"

Kwa swali lile shauri likapatikana: wamwache ajinyooshe, waone mwisho wake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wote tisa wakatoa kili zao, za kodi na za akiba, wakaziunga jamvi moja. Walisuka uani kwa Bi Mwanatumu, mapazia yote wameyateremsha, hakuna aliyejificha tena. Mize kidole chake hakikufaa kusuka, akashika shazia kwa mkono wa kushoto akawa mshonaji, anachoma na kuvuta, anachoma na kuvuta. Jamvi likatoka uani, likapita mbele ya nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya kumi lilikuwa limefika nyumba ya tisa.

Msidhani hawakuogopa. Waliogopa sana.  Maana kama zimwi angekataa kulala, au akajinyoosha akalimaliza jamvi lote, angeshika watoto wa nyumba zote siku moja.

Jua likafika utosini. Ndege waliokuwa wanalia wakanyamaza. Akaja.

Akaona jamvi moja, na wanawake tisa wamesimama. Hakuwahi kuwaona wamesimama pamoja. Alikunja uso kidogo. Mize akamshika Siwema mkono, akamweka mbele yake palepale penye macho ya zimwi.

Akasema, "Bwana, kodi yako ni hii. Lala upime. Likipungua, mtoto huyu hapa."

Zimwi akamtazama mtoto, mate yakamjaa. Akalala mwanzo wa jamvi, akafumba macho. Akajinyoosha shibiri: visigino bado viko ndani. Akajinyoosha pima: bado. Akajinyoosha mpaka nyumba ya pili, kanzu inachanika. Bado. Angeweza kuinuka akaenda zake, lakini tamaa ya mtoto ilimkaa kooni. Akajinyoosha mpaka nyumba ya nne, ya tano, ya sita, na kila akirefuka anakonda, akawa mwembamba kama fito, akawa mwembamba kama kamba, akawa mwembamba kama uzi wa ukili. Alipofika nyumba ya nane hakuwa na nguvu hata ya kufumbua jicho.

"Kunja," Mize akasema.

Wakakunja. Wanane wanasukuma, mmoja anashona kwa mkono wa kushoto. Jamvi likawa mzigo mkubwa kama gogo. Wakalitia vichwani, wakashika njia ya lindi la mlimani, lile shimo ambalo ukitupa jiwe husikii likitua.

Njiani zimwi akaanza kunong'ona.

Sauti yake ilipita kwenye mishono, ikamwingia kila mwanamke sikioni mwake peke yake. Mize alisikia hivi: wenzako nimekwisha kubaliana nao, wataachia mbele pale kwenye mawe, mzigo ukuangukie wewe. Achia wewe kwanza. Nitakurudishia mlango, na nyumba haitakuwa na kodi tena. Ila usiwaambie.

Mize akatembea hatua ya kwanza amenyamaza. Hatua ya pili amenyamaza. Mikono ilikuwa imelowa jasho, mzigo unateleza. Akamtazama Mboza mbele yake, shingo ya Mboza imekakamaa, na Mize akaamini. Naam, aliamini kwamba Mboza ataachia. Vidole vyake vikaanza kulegea.

Hatua ya tatu akasema kwa sauti, "Ananiambia niachie. Anasema nyote mmekubaliana naye."

Mboza akashusha pumzi ndefu. Akasema na mimi ananiambia hivyo. Wa saba akasema na mimi. Wa pili akasema na mimi, na nilikuwa karibu. Sauti zikapokezana juu ya mzigo mpaka zikafika nane. Ya tisa haikusikika.

Bi Mwanatumu alikuwa anatembea nyuma kabisa, machozi yanamtiririka, hayapangusi kwa kuwa mikono imeshika.

"Mimi haniambii hayo," akasema. "Ananiita mama. Kwa sauti ya Saumu."

Msafara ukasimama. Hakuna aliyethubutu kumgeukia. Nani angemwambia mama asimsikilize mwanawe?  Walisimama hivyo juani, mzigo vichwani, na ndani ya jamvi kile kitu kikinong'ona bila kuchoka.

Kisha Bi Mwanatumu akasema, "Imbeni. Imbeni nisimsikie."

Wakaimba. Wimbo wa kusukia tu, wanaouimba siku zote:

*Shika ukili, nami nishike,*
*Ukiuacha utafumuka.*
*Shika ukili, nami nishike.*

Waliimba mpaka makoo yakawauma. Walifika kwenye lindi, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakaachia pamoja. Wakasikiliza. Hawakusikia likitua. Na mpaka leo, msiniulize kama lilitua.

Wakafuata njia aliyokuwa akirudia zimwi, na kwenye nyumba yake nyuma ya mlima walikuta milango. Milango yao tisa, na mingine mia na zaidi ya vijiji wasivyovijua, imepangwa ukutani, na mafiga yamerundikwa juu kama kichuguu. Watu aliowashika hawakuwakuta. Walitafuta vyumba vyote, wakaita, wakaita majina. Hawakuwakuta.

Wakabeba milango yao na mafiga yao wakarudi. Siku hiyohiyo wanane walitia milango yao kwenye bawaba, na usiku ule watoto walilala nyuma ya mbao. Mboza akaikata ile kamba. Siwema alilala kifuani kwa mama yake, na Mize hakupata usingizi, alikuwa anamsikiliza akipumua.

Wakaenda kumsaidia Bi Mwanatumu kutia wake. Akawakataza. Akaulaza mlango ule uani, akasema mwanawe alitolewa nyumba ikiwa wazi, akija akikuta mlango atadhani wamekaa watu wengine.

Hawakubishana naye. Mboza alirudi nyumbani, akachukua mtoto wake na miyaa yake, akaja kukaa kwenye kile kizingiti kitupu, akaanza kusuka. Kesho yake akakaa Mize. Keshokutwa mwingine. Hawakupangiana zamu, lakini haikupita siku kizingiti kile kikakosa mtu.

Hapo ndipo pumzi yangu ilipoishia. Ikiwa ngano hii imewafaa, gawaneni. Ikiwa imewatisha, niachieni mimi nilale nayo.

*Hatukuachii peke yako!*

Haya. Nanyi mmesema.